Samaki wa Bwana Mifugo

Nimefanya kazi nyingi za ajabu maishani, lakini hakuna iliyonifanya nijione mjinga kama kuuguza samaki. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, Singida mjini, nami nilikuwa kijana wa kuoa, nikifanya kazi za ndani kwa mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Mifugo. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mifugo yote ya wilaya. Akisema mnada ufungwe, unafungwa. Akisema ng'ombe wa kijiji hiki wasivuke korongo lile, basi hata ndama akipotea njia akavuka, mwenyewe analala mahabusu.

Sebuleni kwake palikuwa na sanduku kubwa la kioo lililojaa maji, na ndani yake samaki wadogo wa rangi ya chungwa, wanene, wenye mikia mirefu laini. Siku yangu ya kwanza kazini nilimuuliza mpishi wanaliwa pamoja na nini. Alicheka mpaka akakaa chini. Walikuwa wa kutazamwa tu. Walitoka ng'ambo kwa meli, wakapanda gari moshi Dar es Salaam wakiwa ndani ya debe, wakashuka Manyoni, safari wakaimalizia kwa lori. Memsabu, mke wa Bwana Mifugo, aliwaamkia kila asubuhi kabla hajaniamkia mimi. Hakuwa na mtoto wala jirani wa kuongea naye lugha yao, kwa hiyo sikumlaumu sana. Nilimlaumu kidogo.

Kilichonikera ni maji. Maziwa ya Singida yanapendeza kwa macho, lakini maji yake yana chumvi, hayanyweki. Maji matamu tuliyachota kisimani, na kiangazi kikikolea wanawake walipanga foleni ya vibuyu na ndoo tangu alfajiri. Mimi nilipita pembeni yao na madebe ya Bwana, nikasogezwa mbele kwa kuwa ni madebe ya serikali. Walinisonya. Mama mmoja alizoea kuniuliza, kwa heshima zote, kama samaki wangu wameamka salama. Nilijibu wameamka, mama, nikainama kuchota.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa karantini. Homa ya mapafu ilikuwa imeingia kwenye ng'ombe. Ng'ombe akishikwa na homa hiyo anaanza kikohozi kidogo kikavu, kisha anasusa majani, kisha anasimama ameinyoosha shingo na kuitanua miguu ya mbele, akitafuta pumzi. Bwana Mifugo alichora mpaka kwenye ramani yake, na Ilongero, kwetu, ikaangukia ndani ya mpaka huo. Mnada ukafungwa. Ng'ombe hawauzwi, hawaswagwi, hawatoki.

Baba yangu aliishi huko na kundi lake, na ndani ya kundi hilo ndimo ilimokuwa mahari yangu. Nilikwisha kuchumbia. Wazee wa pande mbili walikwisha kukaa, wakanywa pombe ya mtama, wakakubaliana. Kilichobaki ni ng'ombe kutoka zizi la baba kwenda zizi la baba mkwe, na hicho hasa ndicho karantini ilichokataza. Kwa hiyo nilingoja. Kila nilipompelekea Bwana Mifugo chai nilitamani kumuuliza atafungua lini, na kila mara nilirudi jikoni na sinia bila kuuliza.

Basi katikati ya hayo, Bwana Mifugo akaagiza samaki wapya, zawadi kwa mkewe. Wakaja kama wenzao walivyokuja, ndani ya debe lililofunikwa gunia bichi. Mtu huyu hakumruhusu mbuzi hata mmoja aingie mjini bila kukaa kwanza kando akichunguzwa. Lakini memsabu alipiga makofi, akataka kuwaona wote wakiogelea pamoja, na jioni hiyo hiyo wageni wakamiminwa sandukuni pamoja na wenyeji. Mimi ndiye niliyelishika debe, yeye akaongoza maji kwa mkono wake. Hakuna aliyetaja karantini.

Ugonjwa ulianza na doa. Samaki mmoja mgeni alikuwa na kitone cheupe mkiani, kama chembe ya chumvi. Memsabu akadhani ni urembo. Baadaye vitone vikajaa mapezini, kisha kwa wenyeji, kisha wakaanza kujikwaruza kwenye mawe ya chini kama mbuzi mwenye upele anavyojisugua ukutani. Mapezi yakalala. Wengine wakapanda juu, wakawa wanafungua na kufunga midomo usawa wa maji.

Bwana Mifugo aliporudi kutoka safari akachukua kioo chake cha kukuzia, akapiga magoti mbele ya sanduku akiwa bado na buti zake zenye vumbi. Alikaa hapo muda mrefu. Aliposimama uso ulikuwa umemshuka, kwa sababu alijua, na alijua pia kwamba ni yeye aliyewaingiza.

Kuanzia hapo nyumba yote ikawa hospitali. Wenye madoa walitolewa, wakawekwa kwenye mabeseni barazani nyuma, karibu na jiko. Kila beseni lilikuwa na kikombe chake na kitambaa chake, na ole wako ukichovya kikombe cha huyu kwa yule. Nilinawa kwa sabuni mpaka ngozi ya vidole ikakauka. Maji yalipashwa moto kidogo, kiasi cha kuogeshea mtoto mchanga, yakatiwa chumvi na dawa ya bluu iliyonitia rangi kucha. Kwa kuwa maji yaliyotulia hukosa hewa, nilikaa na jagi, nikichota na kumimina toka juu, nikichota na kumimina, kama muuza kahawa aliyekosa wateja. Watu waliopita nyuma ya nyumba walisimama kunitazama. Mpishi aliwaambia nawafundisha samaki kuoga.

Wakafa hivyo hivyo. Asubuhi nilikuta mmoja amelala ubavu, mweupe kama aliyepakwa unga, nikamzika shimoni na chokaa kwa amri ya Bwana. Memsabu alilia kwa kila mmoja. Sikuwa na machozi ya kumsaidia. Lakini nitasema ukweli: kiumbe ukishakesha naye ukimtafutia pumzi, unaanza kumtakia heri hata kama ni wa kutazamwa tu.

Siku moja mchana baba akatokea. Alikuja kwa miguu kutoka Ilongero, fimbo begani, kuniuliza kama kuna fununu za kufunguliwa mnada, maana upande wa baba mkwe walianza kunong'ona kwamba tunawachelewesha makusudi. Nilimwamkia, nikampa kigoda pale barazani nyuma, nikaenda kumletea maji ya kunywa. Niliporudi, Bwana Mifugo alikuwa ametoka ndani, amechuchumaa juu ya beseni, na samaki mmoja alikuwa anakata roho mbele yake.

Kwetu Unyaturu huwezi kupita penye mifugo ya mtu inayokufa ukakaa kimya. Ni lazima utoe pole, na kama unajua lolote la kusaidia ni lazima ulitoe. Anayenyamaza hutiliwa shaka. Watu watajiuliza kwa nini alikuwa anatazama tu. Kwa baba, kinachofugwa ni kinachofugwa. Hakuona samaki wa urembo. Aliona mwanamume mwenzake aliyechuchumaa mbele ya mnyama wake.

Baba akavua kofia, akachuchumaa upande wa pili wa beseni.

"Bwana, pole. Naona mifugo yako inaumwa."

Bwana Mifugo aliinua kichwa haraka. Nadhani alitegemea kuchekwa, maana mji mzima ulikuwa ukimcheka. Akaona uso wa baba, akalegea.

"Asante, mzee. Ni ugonjwa mbaya. Unaambukiza."

"Na wazima wako wapi?"

"Ndani, katika sanduku."

"Wote pamoja?"

"Wote pamoja."

Baba akatikisa kichwa kwa huruma. Nilimfahamu baba yangu, nikajua anakoelekea. Nikamwambia kwa Kinyaturu kwamba chai iko tayari jikoni, twende.

"Subiri," akanijibu kwa Kiswahili, ili mwenyeji naye asikie. "Mtu anafiwa na mifugo, wewe unaniletea habari ya chai?"

Kisha akamgeukia Bwana Mifugo. "Usiweke zizi moja, Bwana. Ugonjwa ukiingia zizi moja unabaki na fimbo tu mkononi. Watawanye. Huyu huku, yule kule. Mimi wangu nimewatawanya. Wengine kwa mdogo wangu, wengine kwa shemeji kule Nduguti. Ugonjwa ukinimaliza huku, kule nina mbegu."

Bwana Mifugo aliweka kikombe chini taratibu.

"Nduguti," alisema. "Nduguti iko nje ya mpaka."

"Mbali kabisa," baba akakubali. Alidhani anasifiwa.

"Uliwapeleka lini, mzee?"

"Baba," nikasema.

"Mtamba mmoja alipoanza kukohoa. Nikaona nisichelewe."

Msomaji asimwone baba yangu mjinga, maana hakuwa. Amri aliyoisikia ilikataza kuuza na kuswaga ng'ombe kwenda mnadani. Kumwekea shemeji ng'ombe akamkamua maziwa, ndama wakabaki wako, hilo kwetu si kuhamisha mali. Ni kuihifadhi. Babu yake alifanya hivyo, na kila mwenye ng'ombe Unyaturu alikuwa na ng'ombe wake kwa mtu na ng'ombe wa mtu kwake. Tena sidhani kwamba dakika ile aliona mbele yake serikali. Aliona mfugaji mwenzake, na alichompa ndicho kitu cha thamani zaidi alichokijua.

Bwana Mifugo alisimama, akamshukuru, akampa mkono. Sikuwahi kumwona akimpa mkono mtu aliyeingilia mlango wa nyuma. Baba akaondoka amefurahi.

Nilimsindikiza mpaka nje ya mji nikimgombeza, mimi mtoto, na hata leo sijutii. Nilimwambia, "Baba, umewataja. Umemtajia mpaka kijiji."

"Nimemtajia mtu mwenye msiba."

"Atawafuata."

Alisimama akaniangalia. "Nimemsaidia na samaki wake, halafu anifuatie ng'ombe wangu? Kwa lipi?" Aliniuliza kwa dhati kabisa. Nilimsihi aende Nduguti siku hiyo hiyo. Akasema atakwenda akishapumzika. Lakini yeye alikuwa na miguu, na mwenzake alikuwa na gari.

Kabla ya kuondoka, Bwana Mifugo aliufuata ushauri wa baba neno kwa neno. Aliwatoa wazima wote sandukuni, akawatawanya nyumba nzima: wengine kwenye karai bafuni, wengine kwenye sufuria kubwa stoo, wengine ndani ya chombo cha udongo chumbani kwa memsabu. Sanduku likamwagwa, likasuguliwa, likaachwa tupu. Akatuambia, mimi na memsabu, kwamba hata madoa yakipotea tusiwarudishe pamoja mpaka arudi yeye, kwa sababu ugonjwa huo unajificha majini na kuibuka upya. Halafu akapakia bunduki, chokaa na wasaidizi wake, wakaelekea upande wa Nduguti.

Alikawia. Ng'ombe waliotawanywa hawapatikani upesi. Hiyo ndiyo faida yao. Alipita zizi kwa zizi akiuliza huyu ni wa nani, na yule wa nani, na kila jibu likampeleka mbele zaidi. Huku nyuma mimi nilimimina maji kwa jagi. Nilijua anakwenda kufanya nini, na bado kila asubuhi nilinawa kwa sabuni na kuwapondea samaki wake kiini cha yai. Nilikuwa na hasira, lakini mshahara ni mshahara, na samaki hawakuwa wametoa amri yoyote.

Madoa yakapotea. Kweli kabisa, yalipotea. Mapezi yakasimama, wakaanza kula. Memsabu akazunguka vyumba vyote akiwatazama, akasema wanasikitika, wamezoea kuwa pamoja, mbona anawaona wapweke. Nilimkumbusha maneno ya Bwana. Akasema Bwana amekawia mno. Akaniamuru nijaze sanduku, na tukawarudisha wote, akapiga makofi kama siku ile ya kwanza. Alifurahi kwa muda mfupi. Doa likarudi kwa mmoja, na safari hii halikungoja. Lilipita kwa wote kama moto wa nyasi. Tulirudia chumvi, tukarudia dawa ya bluu, lakini walikuwa wamechoka na sisi tulikuwa tumechoka. Nilimzika wa mwisho, memsabu akajifungia chumbani.

Jumapili iliyofuata nilipata ruhusa, nikaenda Ilongero.

Zizi lilikuwa tupu na limefagiliwa. Hilo la kufagiliwa ndilo lililoniumiza, maana ni baba aliyelifagia, na sijui alilifagilia nini. Wanaume wa jirani walikuwa wamekaa naye kama tunavyokaa penye msiba. Nilikaa pembeni, na baba akanieleza bila kupandisha sauti. Waliwapata wote, wa kwake, wa kwa mdogo wake, wa kule kwa shemeji, na pamoja nao wakawachukua ng'ombe wa shemeji mwenyewe kwa kuwa walichungwa pamoja. Wakawapiga risasi. Ngozi walizikatakata kwa visu ili mtu asije akaziuza, nyama ikamwagiwa chokaa na kuzikwa mtaroni huku watoto wenye njaa wakiangalia. Msaidizi mmoja alimpasulia baba kifua cha yule mtamba akamwonyesha mapafu, magumu kama ini. "Huyo alikuwa mgonjwa," baba alisema. "Huyo sina ugomvi naye. Na mwingine mmoja alikuwa mgonjwa. Waliobaki walikuwa wazima. Nilimwambia, Bwana, hawa wazima, watenge. Akasema hawa wamekwisha kukaa na wagonjwa."

Na samaki wake je, hawakukaa na wagonjwa? Wao walipewa beseni, na kikombe, na kitambaa, na mtu mzima wa kuwapulizia hewa. Nilitaka kupiga kelele. Labda alikuwa sahihi. Miaka mingi baadaye mganga mmoja wa mifugo aliniambia kwamba homa ile haina njia nyingine, kwamba hata ng'ombe anayeonekana mzima huibeba kifuani. Nilimsikiliza nikatikisa kichwa. Sijaweza kumsamehe yule mzungu kwa sababu alikuwa sahihi.

Mahari yangu ilikuwa imelala mtaroni pamoja na wenzake. Baba mkwe alikuja kutoa pole, akala nasi, akaondoka, na kabla ya masika binti yule aliolewa Iramba. Hakunikosea. Shemeji wa baba, aliyepoteza ng'ombe wake kwa kuwatunzia wengine, hakumsemesha baba tena mpaka alipokufa.

Jioni ya Jumapili ile nilipokuwa nikiaga, baba akanishika mkono.

"Wale samaki," akasema. "Walipona?"

Nilimtazama nikidhani ananitania kwa uchungu. Uso wake ulikuwa vile vile kama siku aliyochuchumaa kando ya beseni.

"Walikufa, baba. Wote."

Akasonya kwa masikitiko. "Aliwatawanya?"

"Aliwatawanya. Mkewe akawarudisha pamoja kabla ya wakati."

"Aa," baba akasema, "haraka." Akauachia mkono wangu. "Mfikishie pole yangu. Mwambie nimesikia."

Nilimwambia siwezi. Nilimwambia kwamba mtu huyo amemfilisi na hakuja hata kumpa pole, na kwamba yeye hadaiwi pole na mtu wa namna hiyo. Baba akanijibu kwamba mimi ndiye ninayeongea habari ya kudaiana. Yeye ameniagiza salamu, basi nizipeleke.

Nikazipeleka. Bwana Mifugo alikuwa barazani mbele anakunywa chai, mabeseni yote yamefunikwa kifudifudi juani. Nilisimama mbele yake, nikasema kwamba baba yangu amesikia habari ya samaki, na anatoa pole.

Alinigeukia. "Baba yako," akasema. "Yule mzee mwenye ng'ombe?"

"Aliyekuwa nao."

Masikio yake yalibadilika rangi. Alikiinua kikombe, akakiweka bila kunywa, akatazama upande wa ziwa. Nilingoja. Nilikuwa tayari kupokea chochote, hata neno moja la kumpelekea mzee yule, nami ningelibeba mpaka Ilongero kwa miguu siku hiyo hiyo.

"Mwambie asante," alisema.

Nikaondoa vyombo. Asante hiyo sikuipeleka.